Kutoka Meru hadi Hanang: safari ya kufuata milima ya moto

Safari hii niliifanya mwishoni mwa Agosti. Nimeiandika baada ya kurudi, kwa kuunganisha daftari, risiti na picha za simu. Nafundisha jiografia sekondari, na wanafunzi wangu huijua Fuji na Vesuvius kabla ya kuijua Ol Doinyo Lengai, ilhali Lengai iko mkoani Arusha na ni volkano hai. Nilitaka kuiona mwenyewe, na zaidi ya hapo, kuwasikiliza wanaoishi chini yake. Nilitembea na rafiki yangu, naye mwalimu, ambaye ndiye mwenye picha nzuri zote.

Jumatatu: Arusha na Maji ya Chai

Ukiutazama Meru kutoka mjini unauona mlima mzima. Uzunguke kwa mashariki ndipo utakapoona kwamba ubavu mmoja haupo. Maelfu ya miaka iliyopita upande huo uliporomoka ukamwagika hadi Momella, na vilima na maziwa madogo ya kule ni mabaki ya mporomoko ule. Mara ya mwisho Meru kutoa majivu ilikuwa 1910. Umelala, haujafa.

Tulishuka daladala Maji ya Chai tukaingia kwa mama lishe mmoja. Mtori na chapati mbili, shilingi 3,500. Nilipomwambia tunafuatilia volkano, aliweka mwiko chini akanionyesha meno yake ya mbele, yenye mistari ya kahawia.

"Haya si uchafu, mwanangu. Ni maji. Mlima unatudhuru bila hata kulipuka."

Ndivyo ilivyo. Miamba ya volkano ya Meru ina madini ya floraidi, na maji yanayopenya humo huibeba hadi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya ukanda huu vinapita hapo, vingine mara nyingi zaidi. Mtoto anayekua akiyanywa, meno hubadilika rangi, na kwa wengine mifupa ya miguu hupinda. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki. Kinachosaidia ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Mama huyo alitupeleka uani kwake: ndoo mbili zimepandana, ya juu imejaa chenga nyeusi za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ya chini ina koki. Ya kuoga na kufulia ni ya bomba. Ya kunywa na kupikia uji wa wajukuu lazima yapite kwenye ndoo. Chenga zikichoka hubadilishwa.

Nimeanza na ndoo hii kwa makusudi. Tukisikia volkano tunawaza moto, na madhara ya kila siku yanatupita.

Jumanne: Arusha – Makuyuni – Mto wa Mbu

Kosta ilijaza abiria kwa saa moja na nusu, nauli shilingi 8,000 kila mmoja. Barabara yote ni lami. Pancha ilitusimamisha Makuyuni, tukanywa chai na maandazi kando ya barabara huku utingo akihangaika na jeki. Hakuna zaidi la kusimulia hadi ukuta wa bonde la ufa ulipojitokeza mbele.

Ukuta ule unaoinuka nyuma ya Mto wa Mbu ni mahali ardhi ilipokatika. Upande mmoja ulibaki juu, mwingine ukazama, na ziwa Manyara likakaa kwenye mzamo. Bamba la Afrika linachanika hapa: sehemu ya mashariki, iitwayo Somalia, inaachana na ile ya magharibi, iitwayo Nubia, kwa milimita chache kwa mwaka. Kucha ya mtu hukua haraka kuliko hapo. Lakini mwamba hauendi kidogo kidogo kila siku. Hujivuta, hujikaza miaka na miaka, kisha huachia mara moja, na huko kuachia ndiko tetemeko. Pale unapochanika, miamba ya moto ya chini hupata njia ya kupanda. Kwa hiyo bonde la ufa, matetemeko na mstari wa volkano kuanzia Ngorongoro hadi Lengai ni mambo ya ukoo mmoja.

Tulilala gesti ya shilingi 20,000, yenye neti nzima. Ndizi nyekundu za Mto wa Mbu zinunuliwe sokoni asubuhi. Kwenye magari ya watalii bei inapanda.

*Kwa atakayefuata:* toa fedha taslimu hapa na ujaze maji. Mbele mtandao wa simu unakuja na kupotea, na duka likiishiwa maji ya chupa unasubiri gari lijalo.

Jumatano: Mto wa Mbu – Engaruka – Ngare Sero

Mto wa Mbu tuliiacha lami. Tulipata nafasi kwenye Land Cruiser ya abiria, shilingi 25,000 kila mmoja. Humo walikuwamo kina mama waliotoka mnadani, magunia ya unga, betri ya sola na mbuzi mmoja aliyelala juu ya mguu wangu mpaka Engaruka. Kuna vizuizi njiani ambapo halmashauri na vijiji hukusanya ushuru wa wageni. Mwenyeji na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo weka kitambulisho karibu, dai risiti ya mashine, na uitunze kwa sababu kizuizi kinachofuata wataiuliza.

Engaruka tulisimama kutazama magofu: kuta za mawe, matuta ya mashamba na mifereji iliyoteka maji ya vijito vinavyoshuka ukutani. Kuna watu waliolima hapa kwa umwagiliaji karne kadhaa, kisha wakaondoka zaidi ya miaka 200 iliyopita. Udongo wao ulikuwa wa volkano, wenye rutuba, ila mvua ni haba. Mlima uliwapa chakula, nao wakautafutia maji.

Baada ya Engaruka barabara inaingia kwenye majivu ya kale. Ni vumbi jepesi la kijivu linalopanda mpaka madirishani, na dereva anaendesha kwa kukumbuka zaidi kuliko kuona. Tulipita Kerimasi, volkano iliyozimika, na Shimo la Mungu, tundu kubwa lililozama kando ya njia. Karibu na hapo gari lilikwama kwenye korongo la mchanga. Tulisukuma, tukachimba kwa sahani, haikwenda. Vijana watatu wa Kimaasai waliokuwa wakichunga waliacha ng'ombe kwa mdogo wao, wakakata matawi ya miti mikavu, wakayalaza chini ya tairi kwa mpangilio wa watu waliozoea. Gari lilitoka kwa jaribio la pili. Tulipotaka kuwapa hela, mkubwa wao aliomba maji ya kunywa tu. Nililipata funzo la ukarimu pale juani saa nane mchana.

Lengai ilitokea jioni, tulipokaribia Ngare Sero, kijiji kilicho chini yake. Imechongoka, kilele kikiwa cheupe. Mgeni hudhani ni theluji. Ni lava iliyokauka.

Alhamisi: Natron na nyayo

Asubuhi tulikwenda ziwa Natron na kiongozi wa kijijini. Ardhi ya ufukweni inakatika chini ya kiatu, juu gamba la magadi, chini tope jeusi. Chemchemi za moto na mito hubeba chumvi za sodiamu kutoka kwenye miamba ya volkano, jua hukausha maji, magadi hubaki. Maji haya huunguza ngozi yenye kidonda, na ndiyo yanayowalinda heroe wadogo, kwa sababu fisi na mbweha hawawezi kufika wanakotagia. Ziwa hili ndilo mazalia yao makuu Afrika Mashariki.

Kusini mwa ziwa kuna bamba la majivu yaliyogeuka jiwe, na juu yake nyayo za binadamu zaidi ya 400. Umri wake unakadiriwa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Mwenyeji alizigundua kabla ya wanasayansi kufika. Nyayo nyingi ni za kundi moja la watu 17 waliotembea pamoja, wengi wao wakiwa wanawake, na utafiti uliotolewa 2020 unadhani walikuwa wakitafuta chakula. Nilichuchumaa pembeni ya wayo mmoja: kisigino kimezama, vidole vimejikunja kidogo kushika tope, na kidole gumba kimesukuma ukingo mdogo wa udongo mbele yake. Walikuwa wakitembea kwenye tope la majivu ya Lengai, kama watu wa Ngare Sero wanavyotembea leo. Tafadhali usipande juu ya bamba. Mvua na kwato tayari zinalila.

Mchana kiongozi alitupeleka bomani kwa mzee aliyekuwapo Lengai ilipolipuka mwaka 2007. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini, ndipo tukaketi.

Alianza kwa kuonyesha Gelai, mlima mpana ng'ambo ya bonde. "Ilianza Julai. Ardhi ikitetemeka mchana, ikitetemeka usiku. Watoto walikataa kulala ndani. Ng'ombe walikataa kulala zizini."

Anayoyasema yamerekodiwa. Katikati ya Julai 2007 matetemeko yalifuatana siku hata siku, na kubwa lao, la tarehe 17, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Nairobi watu walikimbia kutoka maofisini. Picha za setilaiti zilionyesha baadaye kwamba magma, yaani miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi, ilijipenyeza kwenye ufa chini ya Gelai, ikaupanua, na haikufika juu. Ardhi ilipasuka, nyufa ukaziona kwa macho. Kisha Septemba 4 Lengai yenyewe ikalipuka, na milipuko ya majivu ikaendelea hadi 2008.

"Sisi tulikuwa tumeshahamisha ng'ombe," mzee alisema. "Ardhi ilitwambia wiki saba. Waliobaki, majani yalifunikwa majivu, mifugo ikavimba macho, wakatufuata."

Nilimuuliza kuhusu nyumba. Akapiga kofi ukuta wa boma lake, fito na samadi ya ng'ombe. Alisema ulitikisika, ukamwaga vumbi, ukasimama. Kwenye boma lake hawakuzika mtu.

Hapo ndipo nilipokumbuka Bukoba. Tetemeko la Septemba 10, 2016 nalo lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Namba ileile. Bukoba zilianguka nyumba za tofali na mawe zisizo na mkanda wa zege, maelfu ziliharibika, watu zaidi ya 15 walifariki, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikabomoka kiasi cha kufungwa na kujengwa upya. Ukubwa wa tetemeko unapimwa kwa nguvu iliyotoka mwambani. Ukubwa wa msiba unategemea kilichojengwa juu yake, saa ya tukio, na kama watu walikuwa wamepata habari. Nimefundisha sentensi hiyo miaka mingi, lakini pale bomani ilinishika vingine. Anayejenga kwa tofali ukanda wa ufa afunge mkanda wa zege na nondo juu ya madirisha, akamate pembe za kuta, na paa lisiwe zito. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuinua nyumba mara ya pili.

Usiku wa Ijumaa: kupanda Lengai

Ijumaa mchana tulilala tu. Kiongozi ni lazima. Sisi tuligawana gharama na vijana wawili kutoka Mwanza, ikawa shilingi 60,000 kwa kila mtu pamoja na gari la kutupeleka mguuni mwa mlima. Tulianza saa tano usiku, kwa sababu mchana mlima hauna kivuli hata kimoja na hauna maji.

Mwanzo ni majani na mchanga. Baadaye ni mifereji ya majivu yaliyoganda, mwinuko mkali, hatua moja mbele na nusu nyuma. Mlima una urefu unaokaribia mita 3,000, na unaupanda wima, hauzunguki. Kijana mmoja wa Mwanza alishikwa na kichefuchefu; kiongozi alimkalisha, akamsugua mgongo, akambebea begi mpaka juu bila kunena neno.

Tulifika ukingoni kabla ya alfajiri. Harufu ya salfa ilipita kwa vipindi, tukafunga skafu puani na kukaa upande unakotoka upepo. Ndani ya kreta, kwenye kilima kidogo kilichosimama kama mnara, lava ilikuwa ikitapika kwa mdundo. Gizani ilikuwa na wekundu hafifu. Kulipokucha wekundu ulitoweka na kitu kilekile kikaonekana cheusi, chepesi, kikitiririka kama maji ya tope. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na joto la nyuzi zaidi ya 1,000. Hii ya Lengai, yenye kaboneti za sodiamu na kalsiamu, hutoka kwenye nyuzi 500 hadi 600. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya aina hii. Ikipata unyevu wa hewa hubadilika kuwa nyeupe ndani ya muda mfupi, na ndiyo rangi ya kile kilele nilichokiona jioni ile.

Kiongozi alitukataza katakata tusishuke ndani, na alikuwa sahihi. Kingo zinamomonyoka, na mlima huu hubadilisha tabia: hutiririka kwa upole miaka mingi, kisha hulipuka kama 1917, 1940, 1966 na 2007.

Kuna macho mengine yanayoutazama. Tangu 2016 kuna vituo vya GPS kuuzunguka, kazi ya Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Marekani, vinavyopima ardhi ikisogea kwa milimita. Vipimo vya setilaiti vya 2013 hadi 2023 vimeonyesha eneo la kreta likizama zaidi ya sentimita 3 kwa mwaka. Habari zipo. Nilipomuuliza kiongozi wetu kama zinamfikia, alisema huzisikia kwa watafiti wanapokuja kupanda naye.

*Kwa atakayefuata:* lita nne za maji kwa mtu, glovu za kushikia miamba, tochi ya kichwani na betri za akiba, viatu usivyovihurumia. Kushuka kunauma magoti kuliko kupanda. Mwenye pumu asifike ukingoni.

Jumapili: barabarani

Ngare Sero hadi Babati, siku nzima ya vumbi kisha lami. Mchungaji aliyekuwa na nafasi kwenye gari lake alitubeba kutoka Makuyuni na akakataa hata hela ya soda.

Jumatatu: Katesh, chini ya Hanang

Hanang ni volkano ya zamani, mita zaidi ya 3,400, na hakuna kumbukumbu ya mtu kuiona ikilipuka. Lakini alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilipoloanisha mlima, sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikakatika, ikaingia mto Jorodom na kushuka na mawe na miti hadi vijiji vya Gendabi na Jorodom na katikati ya mji wa Katesh. Walifariki watu zaidi ya 80. Siku zile za kwanza wengi waliamini mlima umelipuka, mpaka wataalamu walipoeleza kuwa ni mporomoko. Majivu na mawe ya volkano, hata yaliyotulia maelfu ya miaka, yakilegea na kushiba maji hutembea.

Mwenye mgahawa alitupa wali maharage na mboga kwa shilingi 3,000, kisha akafunga mlango akatupeleka mwenyewe kuona kingo za mto. Jiwe moja lenye kimo cha kifua changu bado liko nyuma ya ukuta wa duka. Wamelizunguka, wamejenga choo pembeni yake. Alituonyesha mahali palipokuwa na nyumba ya jirani yake, akataja majina ya waliokuwamo, nasi tukasimama.

Serikali na wahisani, Msalaba Mwekundu miongoni mwao, walijenga nyumba zaidi ya 100 Waret, mbali na njia ya mto, na familia zimehamia. Tulifika kwa bodaboda, shilingi 5,000. Nyumba ni imara, zimepangwa, na baadhi zimeshapandwa migomba uani. Bibi mmoja alisema usingizi umerudi, ila shamba lake liko kulekule chini na kila siku anatembea kulifuata. Kuhamisha watu bila kuhamisha riziki zao ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki anaibeba yeye kwa miguu.

Kijana wa bodaboda, tulipokuwa tukirudi, alisimamisha pikipiki darajani bila kuombwa. "Mvua ikipiga usiku kucha hatulali. Baba mkubwa anakaa juu, Gendabi. Akiona mto umegeuka tope au umepungua ghafla wakati mvua inanyesha, ananipigia. Mimi nawapigia kumi, na kila mmoja ana wake."

Kupungua ghafla ndiko kunakotisha zaidi, kwa sababu maana yake kuna kitu kimeuziba mto juu. Nilimuuliza nani alimfundisha hilo. Baba mkubwa, akasema. Aliliona asubuhi ile.

Namba kumi zile ameziandika pia kwa kalamu ya wino ndani ya kofia yake ya pikipiki, simu ikizima chaji.

*Kwa atakayefuata:* Katesh iko kwenye lami ya Babati–Singida, mabasi ni mengi asubuhi na hupungua baada ya saa nane. Usipande Hanang miezi ya mvua. Ukienda Waret nunua kitu, mboga au mayai, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukipita darajani uliza namba ya mtu anayekaa juu ya mto; watakupa.